Vibao Nilivyovitunza Chini ya Benchi

Masaki, Kisarawe
Alasiri, kesho unaondoka

Zuhura mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana tumeamkiana asubuhi, umenisugulia sufuria zote, na sasa hivi umekwenda kumuaga bibi yako. Ukirudi utakuta nimeshaikunja karatasi hii na kuitia katikati ya madaftari yako, na mimi nitakuwa nachambua mchele kama sina jambo. Utaisoma ukiwa Kibaha, peke yako, mahali ambapo sitauona uso wako.

Habari za kupika, kufunga mlango na wanaume nimekwisha kuzisema mpaka siku hizi wewe ndiye unayenimalizia sentensi. Leo naandika habari ya kile kitabu cha fomu.

Juzi ulipotoka Kibaha kwenye wiki yako ya majaribio ya kazi ulinisimulia huku unacheka. Ulisema mkubwa wenu pale yadi alikuwekea mezani kitabu kizima cha fomu za kukagua malori ya kemikali, fomu tupu, akakuambia, "Binti, una mwandiko mzuri wewe. Piga saini zote leo, magari yakija sisi tutajaza. Ya nini kuzunguka zunguka juani?" Ukamjibu utapiga Jumatatu ukianza rasmi. Halafu ukaniuliza, "Mama, kazi si ndivyo zilivyo?"

Mimi nikaendelea kumenya muhogo. Ukaniona nimekunja uso, ukauliza kama muhogo umeoza.

Muhogo ulikuwa mzima. Ni hasira, Zuhura, na mpaka saa hii ninayo. Karatasi hii ni ya tatu, mbili kalamu imezitoboa. Nina hasira na huyo mkubwa wenu ambaye simjui hata sura. Nina hasira na wewe kidogo kwa kule kucheka. Nyingine yote ni yangu mimi na mimi mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi tangu juzi.

Wewe unachojua ni kwamba Mjomba Seifu alimwagikiwa na asidi Kibaha, tulipokuwa tunakaa kule, akapofuka. Ulikuwa na miaka minane. Tangu hapo umekuwa ukimshika mkono kwenda msikitini, ukimsomea ujumbe wa simu, ukimdanganya rangi ya shati kwa utani. Ajali ya kazi, tulikuambia. Yeye naye ndivyo alivyojua, mpaka leo mchana.

Sasa nisikilize.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Baba yako hayumo katika habari hii, kama ambavyo hakuwamo katika nyingine. Nilikuwa na banda la chakula kando ya maegesho ya malori. Kaka yangu Seifu alikuwa muosha magari hapohapo, na kwa kuosha lori hakuwa na mpinzani. Malori yalikuwa yanatoka bandarini yanakwenda mpaka nje ya nchi, na mengine yalikuwa yamebeba vitu vya hatari. Hayo huwa na vibao vya bati vya pembe nne vimesimamishwa kwa ncha, mbele, nyuma na ubavuni. Kuna cha moto, kuna cha fuvu, na kuna kimoja kina picha ya kitu kinadondoka kwenye mkono wa mtu na mkono unalika. Huhitaji shule kukielewa. Mimi wa darasa la saba nilikielewa siku ya kwanza.

Pale kwetu gari lenye kibao lilikuwa haliruhusiwi kulala. Lilitakiwa lisogee mbele, kwenye uwanja wake wa peke yake. Ni sahihi kabisa, nani anataka sumu karibu na sufuria ya wali? Lakini ule uwanja haukuwa na chakula, haukuwa na maji ya kuoga, haukuwa na choo cha maana. Aliyepanga vile nadhani hajawahi kuendesha lori siku mbili na njaa. Basi madereva wakapata dawa yao. Wakikaribia kwetu wanasimama, wanachomoa vibao kwenye fremu, wanaingia maegesho kama wamebeba unga. Na vibao wanampa mama wa chakula awatunzie mpaka wanapoondoka.

Mimi nilikuwa mtunzaji mmojawapo, Zuhura. Karibu wapishi wote tulikuwa hivyo. Dereva akikuachia vibao ujue atakula kwako, na kesho akipita tena atakula kwako. Nilikuwa naviweka chini ya benchi, vikizidi navisimamisha kuzunguka jiko vinikingie upepo. Wateja walikuwa wananitania, "Mama Zuhura, hilo jiko lako lina leseni ya kupasua miamba?" Nami nacheka, nageuza chapati. Wewe mwenyewe ulikuwa unakalia vile vibao ukifanya kazi za shule.

Kulikuwa na dereva mmoja tukimwita Kipara. Mchangamfu, hana matusi, anakuletea peremende wewe. Asubuhi hiyo alikuwa amelala pale na gari lake, na vibao vyake vinne nilikuwa navyo mimi, vya ule mkono. Vitatu chini ya benchi, kimoja kwenye jiko. Akaja akamwambia kaka yangu, "Seifu, pipa langu moja linatoka jasho. Limelowesha tela. Nioshee hapo kabla sijafika kwenye mzani, wasije wakanisumbua."

Kaka akachukua ndoo na brashi. Lakini Seifu hakuwa mjinga. Akaja kwanza bandani kwangu, akaniuliza, "Mwanaidi, huyu kabeba nini?"

Kipara alikuwa amesimama nyuma yake. Akanikonyeza.

Nikasema, "Sabuni ya viwandani, kaka. Osha tu."

Ni maneno yangu hayo. Sikutumwa na mtu kuyasema. Kibao cha mkono unaolika kilikuwa mbele yangu, kimeshika masizi, nimekitazama tangu kilipowekwa mpaka chai ilipochemka. Sikutaka kumwona Kipara anafukuzwa, na nilijiambia mapipa yamefungwa, litatokea nini? Umri wote huu bado nalisikia lile "osha tu" na sauti yenyewe niliyolisemea, sauti ya mtu mwenye haraka na chapati zake.

Akapanda. Akamwaga ndoo. Yale maji yalilia, Zuhura, kama mafuta ya maandazi yakiingiwa na maji, yakaruka juu, yakamkuta usoni.

Sitakuandikia alivyolia. Nitakuandikia tulichofanya, maana hilo ndilo la kukufaa. Nilikimbia na ndoo ya maji kumwosha macho. Watu wakanishika mikono. "Unataka kummaliza? Maji ndiyo yamemfanya vile!" Na kweli, tulichokiona kwa macho yetu ni maji kugusa kile kitu na kile kitu kuripuka. Mmoja akaleta maziwa, mwingine akaleta mafuta ya kula. Ndoo yangu ikamwagwa chini. Kule hospitali nesi aliniuliza kitu cha kwanza, "Mmemwosha kwa maji mengi?" Nikasema hatukumwosha. Akauliza, "Ni kemikali gani?" Nikasema sijui. Akafumba macho kidogo, akaenda kuita wenzake. Baadaye ndiyo nikaambiwa kuwa tone likiingia jichoni ni maji, maji mengi, hapo hapo, bila kuacha. Karatasi ya kueleza hayo ilikuwepo, ndani ya gari la Kipara, imefungiwa, na imeandikwa Kiingereza. Kwa hiyo iliandikwa ili isomwe na nani? Mpaka leo nauliza.

Na hapa kuna jambo baya zaidi. Wakati wanampakia kaka kwenye bajaji, Kipara alinijia mbio, jasho linamtoka, akasema, "Mama Zuhura, vibao vyangu! Haraka!" Na mimi nikainama chini ya benchi nikampa. Kaka yangu analia hatua kumi kutoka pale, na mimi mikono yangu inampa dereva vibao vyake, kama nilivyozoea kila siku. Akachukua vitatu. Cha nne kilikuwa jikoni, kimepata moto, hakikushikika. Akaondoka.

Baada ya majuma kadhaa tuliitwa ofisi ya kata. Alikuwepo afisa, watu wa maegesho, na bwana mmoja wa ile kampuni, kavaa vizuri, ana faili. Akatoa picha za gari. Lina vibao. Vitatu. Cha nne, akasema, "kimeibwa na wananchi, wanauza chuma chakavu." Akatoa na fomu ya ukaguzi ya kule gari lilikotoka. Ikapitishwa mkono kwa mkono mpaka kwangu. Alama zipo, vema. Mapipa hayavuji, vema. Dereva amepewa maelekezo, vema. Chini pana saini. Saini nzuri, Zuhura. Ya msichana aliyesoma, jina la kike kabisa, imelala upande kama yako.

Mimi sijui yule msichana alikuwa nani. Labda naye aliambiwa ana mwandiko mzuri. Labda mpaka leo hajui kama kuna mtu anaitwa Seifu. Lakini kwa ile saini, kaka yangu alionekana ni mtu aliyepanda kwenye gari lenye alama za hatari bila ruhusa ya mtu. Kosa lake mwenyewe. Yule bwana alilisema hilo polepole, kwa heshima, na huku anatupa pole.

Afisa akauliza, "Kuna aliyeona gari likiwa halina vibao?"

Kibao cha nne kilikuwa chini ya kitanda changu. Nilichotakiwa ni kunyoosha mkono tu. Mama Rehema, jirani yangu wa banda, akanikanyaga mguu chini ya meza. Naye alikuwa mtunzaji. Nikafikiri nitafungwa, na wewe nitakuacha na nani? Nikafikiri banda. Nikanyamaza. Tulinyamaza benchi zima, wapishi sita.

Afisa akafunga daftari. Akasema, "Sheria zipo, akina mama. Tatizo ni elimu kwa wananchi."

Sheria zipo! Nikilisikia neno hilo redioni mpaka leo nazima. Zilikuwepo, ndiyo, chini ya benchi langu, zimeshika masizi. Na elimu ilikuwepo. Mimi nilijua, Kipara alijua, mlinzi wa geti alijua maana alikuwa anakula kwangu. Walichobadilisha baada ya hapo ni kitu kimoja tu, wakatufukuza wapishi. Ndiyo tukaja huku Masaki kwenye shamba la wazee. Nikakuambia tumehama kwa sababu kule hewa ni chafu.

Nimekuwa nikimpikia Seifu uji kila asubuhi kwa miaka yote hii nikidhani ndio toba yangu. Uji! Anauliza, "Mwana, hujachoka kunitumikia?" nami namjibu, "Kaka, wewe kunywa." Nilidhani nikiuchemsha vizuri kila siku ipo siku lile jambo litaisha lenyewe. Haliishi. Umri ukisonga linakomaa.

Leo mchana, ulipokuwa unapiga pasi, nilimfuata kule nyuma. Alikuwa anamenya muhogo kwa kupapasa, unavyomjua. Nikasema, "Kaka, lile gari nilijua limebeba nini."

Kisu kikasimama. "Ulijuaje?"

"Vibao vyake nilikuwa navyo mimi."

"Wapi?"

"Chini ya benchi. Kimoja jikoni."

Kuku alipita, kaka akamsikia, akamfukuza kwa mguu. Akasema, "Kwa hiyo siku ile nilivyokuja kukuuliza..."

"Ndiyo."

"Ukaniambia sabuni."

"Ndiyo, kaka."

"Mwana, ondoka mbele yangu."

Nikaondoka. Uliniuliza mbona macho mekundu nikakuambia moshi. Chakula hakuja kula, ukamwita mara mbili, akasema kashiba. Basi ndiyo sababu yake.

Ulipotoka kwenda kwa bibi yako, akaita mwenyewe. "Hicho kibao ulikitupa?" Nikamwambia ninacho. Nikakitoa chini ya kitanda, nikampa. Akakipapasa pande zote, akakinusa. Picha haina mwinuko, kwa kidole haisomeki. Akauliza, "Kimechorwa nini?"

"Mkono. Kuna kitu kinaudondokea, unalika."

"Mkono tu?"

"Na kipande cha chuma."

"Wangechora na macho," akasema. Akacheka, kicheko kibaya, sijapata kumsikia hivyo. "Lakini hata wangechora macho, wewe ungekitumia kukinga upepo. Chapati zilikuwa zinatoka siku zile."



Akakilaza mapajani. Halafu akauliza kile kikao cha Alhamisi ulichotuambia ni wapi, kile ambacho wanakusanya maoni ya wananchi Kibaha kuhusu malori ya mizigo ya hatari. Nikamwambia. Akasema, "Tutakwenda. Mimi nitakishika, wewe utasema. Yote, na hilo la sabuni ulitaje." Kisha akaongeza, "Na chakula chako leo sili. Usinibembeleze."

Kwa hiyo Alhamisi nakuja Kibaha, Zuhura. Tangu tuhame sijakanyaga. Naogopa, lakini nitasema. Nitawaambia vibao vipigwe ribiti visichomoke. Nitawaambia uwanja wa magari yale uwe na chakula na maji na choo, la sivyo dereva mwenye njaa atatafuta namna na mama mwenye mtoto atamsaidia. Nitawaambia karatasi iandikwe Kiswahili na ikae nje ya gari, muosha magari aisome, na juu kabisa iseme jicho likimwagikiwa ni maji mengi. Nitawaambia aliyesaini fomu aitwe, asimame mbele ya gari lenyewe, aoneshe alichokiona. Wakinijibu sheria zipo, Mjomba wako atanyanyua bati. Huenda wakatusikiliza. Mimi naamini watatusikiliza, usinicheke. Mtu akiongea kweli mbele za watu huwa wananyamaza kidogo, na katika kule kunyamaza kuna nafasi.

Sasa wewe.

Jumatatu kile kitabu kitakuwa mezani. Yule mkubwa hatakufokea, usitegemee hivyo. Angekufokea ingekuwa rahisi. Atakuchekea, atakuita binti, pengine atakununulia soda. Kipara naye alikuwa anakuletea peremende. Mimi sikupotezwa na mtu katili. Nilipotezwa na mtu mwema mwenye haraka, na mimi mwenyewe nikiwa mwema mwenye haraka. Ukisubiri ubaya uje na sura mbaya ndipo ukatae, utasaini kitabu kizima.

Zunguka gari. Ndilo ninalokuomba, hakuna lingine. Jua likuwakie, wakucheke, wakuite mkaguzi wa dunia, wewe zunguka. Pipa liguse kwa macho, kibao kitikise kwa mkono uone kama kimekaa. Muulize dereva amebeba nini, akikukonyeza muulize tena. Halafu ndiyo uandike ulichokiona, hata kama ulichokiona ni kibaya na gari haliondoki na watu wazima wanakutolea macho.

Wakikufukuza kwa ajili hiyo, rudi. Panda gari urudi siku hiyo hiyo, usikae kwenye chumba cha kupanga ukalia. Kitanda chako sikigawi, chandarua chako kiko palepale. Sitauliza kwa nini umerudi, nitakuwa najua, na nitatembea kijiji kizima kichwa juu. Lakini ukisaini gari ambalo hukulizunguka, ukaja hapa sikukuu na sukari na kitenge, mimi nitavipokea maana mimi ni mama yako. Ila kumbuka utakayemkuta mlangoni, atakayenyoosha mikono kukupapasa uso akuambie umenenepa, ni Mjomba wako.

Sikulaumu kwa kuniuliza kama kazi ndivyo zilivyo. Ndivyo zilivyo. Ndiyo maana nakasirika. Na ninyi mliosoma, mnaoandika kwa mwandiko mzuri, mkiamua zisiwe hivyo haziwi hivyo. Mimi nilikuwa na benchi tu. Wewe una kalamu yenyewe.

Nasikia sauti yako unakuja, unaongea na mtoto wa jirani. Sahani ya Mjomba wako niliiacha kando ya mlango, naona wali umepungua. Sijui ni yeye au ni kuku. Sitauliza.

Saini yangu ni hiyo hapo chini, mbaya, unaijua. Nimeisoma tena barua yote neno kwa neno kabla ya kuiweka hiyo saini.

Mama yako,
Mwanaidi